Safari ya Ghafla Huandaliwa Mapema



Swali moja limerudi mara nyingi katika mikutano yetu: inawezekanaje mama wa Baraka aamue Jumapili kwamba Jumanne anavuka kwenda nchi nyingine, hana tiketi, hana chumba alicholipia, hana gari alilokodi, na bado afike na kurudi salama? Tumeombwa tuandike jibu kwa sababu watatu kati yetu tumekwisha kuifanya safari ya namna hiyo. Pia wengi wenu mna mtoto, dada au mama ng'ambo ya ziwa, na simu yake yaweza kulia usiku wa leo.

Ilikuwa mwezi wa 8, mwaka 2016. Dada yetu mkubwa katika kikundi alipigiwa simu na binti yake aliyekuwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, Tanzania. Binti alisema maneno machache, maana salio lilikuwa dogo: "Mama, majina yetu yametoka. Jumamosi asubuhi basi linatuchukua. Tunaenda Marekani."

Habari za Nyarugusu wengi wenu mnazijua bila kusimuliwa. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996, vita vilipofika kwetu na watu wa Fizi wakavuka ziwa kwa mitumbwi na maboti. Binti huyo alikuwa na miaka 6. Alivushwa usiku na shangazi yake, kwa kuwa mama alikuwa shambani mlimani na mtoto mchanga mgongoni, na njia ya kurudi pwani ilikuwa imefungwa. Mwaka 2005, UNHCR ilipoanza kurudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, dada yetu alikuwa akienda kusimama bandarini kila meli ilipotia nanga. Binti hakurudi, alikuwa shuleni kule, baadaye akaolewa kule. Katika miaka 20 walikuwa wameonana mara mbili tu.

Kisha ikaja njia ya Marekani. Kuanzia 2015 familia nyingi za Nyarugusu zilianza kuitwa kwenye usaili. Katika mwaka wa hesabu wa Marekani ulioishia mwezi wa 9, 2016, Wakongo waliopokelewa huko kama wakimbizi walizidi 16,000, wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote. Aliyeitwa hakujua tarehe yake mpaka itangazwe, na ilipotangazwa siku zilizobaki zilikuwa chache. Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kupanga safari kwa utaratibu. Tulikuwa na siku tano.

Kitu cha kwanza tulichofanya Jumapili ile jioni ni kukaa chini na kuamua njia. Hatukuanza na mizigo wala na machozi. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ziwa: boti kutoka Baraka hadi Kigoma, halafu gari hadi Kasulu. Kwenye ramani ndiyo fupi. Lakini mwezi wa 8 ni wakati wa upepo wa kusini. Mawimbi yanainuka, na boti la mizigo linangoja shehena, kisha linangoja ziwa litulie. Linaweza kuondoka Jumatatu, linaweza kuondoka Alhamisi. Njia ya pili ni kuzunguka kichwa cha ziwa kwa barabara: Baraka hadi Uvira, Uvira hadi Bujumbura, kisha kushuka Rumonge na Nyanza-Lac hadi mpaka wa Mugina, kuingia Tanzania kwa Manyovu, na kufika Kasulu. Ni ndefu na inapita mipaka miwili, tena Burundi wakati huo ilikuwa katika msukosuko ulioanza 2015. Hata hivyo barabara ina jambo moja zuri: gari likiharibika, lingine linakuja nyuma. Katikati ya ziwa hakuna boti linalokuja nyuma. Tukachagua barabara.

La pili lilikuwa nani aende. Kila mtu alitaka kumsindikiza dada, na huo ndio upendo wetu. Lakini safari isiyo na nafasi zilizowekwa inataka watu wachache, na kila mmoja awe na kazi yake. Tukawa watatu: mama mwenye safari, mwenzetu aliyekuwa akifanya biashara ya vitenge Kigoma, anayejua bei za magari na kubadilisha pesa, na mwenzetu aliyekulia Bujumbura, anayesema Kirundi kama wenyewe. Mdogo wake yule binti, ambaye ndiye alikuwa mgongoni mwaka 1996, alibaki Baraka analia. Alikuwa hana pasipoti. Hilo tutalirudia.

Karatasi ndizo zilizotuchagua kuliko sisi tulivyozichagua. Wakati huo jetoni ya mpakani ilikuvusha kutoka Uvira hadi Bujumbura, kwa sababu Kongo, Burundi na Rwanda zilikuwa na jumuiya yao ya CEPGL. Tanzania haikuwamo. Aliyefika Mugina na jetoni na karte yake ya uchaguzi alirudi alikotoka. Sisi watatu tulikuwa na pasipoti zilizo hai na karte za njano za chanjo, kila mmoja kwa sababu yake: mmoja kwa biashara, mwingine kwa matibabu ya mtoto. Na dada mkubwa? Alikuwa amelipia pasipoti miaka miwili nyuma, kidogo kidogo, kwa pesa za mawese na ndagala. Majirani walimcheka: "Mama, unaenda Ulaya?" Alikuwa akiitunza kwenye sanduku la bati, chini ya nguo, akijua kwamba siku itakuja na haitamuuliza kama yuko tayari.

Hapo ndipo kiini cha jibu letu. Watu husema tulisafiri bila maandalizi. Si kweli. Hatukuwa na chumba wala tiketi, lakini tulikuwa na karatasi, na sanduku la AVEC, na watu wa njiani. Vitu vitatu hivyo havipatikani kwa siku mbili. Vinajengwa kwa miaka, na mama hujenga bila kutangaza.

Jumatatu tulishughulika na fedha na watoto. Mfuko wa jamii wa kikundi ulitoa sehemu, na dada akachukua mkopo wa AVEC kwa iliyobaki, wenzake wawili wakimdhamini. Fedha tuliigawa mara tatu. Ya kwenda tuliiweka kwenye pochi. Ya kula na kulala tuliifunga kwenye kanga. Ya kurudi tuliishona ndani ya pindo la sketi, na tukaapizana kwamba pindo halifunguliwi mpaka siku ya kugeuka. Dola tulizibeba nzima na safi, maana noti iliyochanika kidogo tu hakuna anayeipokea huku kwetu, na ya zamani sana huko ng'ambo inakatwa bei. Mpakani tulibadilisha kidogo tu, ya kutosha siku moja: franka za Burundi kwa Burundi, shilingi kwa Tanzania. Franka ya nchi uliyokwisha kuipita ni karatasi tu.

Watoto tuliwagawa kwa majina, si kwa jumla. "Mtaniangalizia watoto" si mpango. Mpango ni kusema: huyu analala kwa fulani, huyu anapelekwa kwa dawa zake na fulani, na fulani ana pesa za unga hadi Jumatatu. Tukamwachia kila mama aliyebaki namba za simu, na saa ya kupiga: saa moja jioni, kila siku, hata kwa neno moja.

Na tulipanga siku ya akiba. Kama kila kitu kingekwenda sawa, tungelala Bujumbura Jumanne, Kasulu Jumatano, na kuingia kambini Alhamisi. Ijumaa tuliiacha wazi. Hiyo Ijumaa ndiyo iliyotuokoa.

Jumanne alfajiri tuliondoka Baraka. Hadi Uvira ni kilomita 90 hivi, lakini mnajua barabara yetu, kilomita zake hazihesabiwi kama za wengine. Tulipita Lusenda na Nundu vizuri. Baada ya Mboko gurudumu lilipasuka, na la akiba nalo lilikuwa bovu. Dereva alichukua motari kwenda kulitengenezea, sisi tukakaa chini ya mwembe saa tatu nzima. Dada alitaka tuendelee kwa miguu. Tukamzuia: mizigo, jua, na mbele hakuna uhakika. Tulipofika Uvira ilikuwa jioni, mpaka wa Kavimvira tusingeuwahi. Siku ya akiba ikawa imeliwa siku ya kwanza.

Uvira tulilala kwa shemeji wa mmoja wetu, mtaa wa Mulongwe. Tulikuwa tumempigia tukiwa chini ya ule mwembe, hakuwa na habari nyingine. Alitandika mikeka sebuleni, akasonga bukari, akapika sombe, akatuuliza maswali baada ya kula, si kabla. Mama zetu, hilo ndilo tunaloita kuweka nafasi. Chumba kile dada alikiweka miaka mingi nyuma, shemeji huyo alipojifungulia Baraka na dada akamkalia wiki mbili.

Jumatano tulivuka asubuhi mpaka ulipofunguliwa, tukawa Bujumbura kabla ya jua kuwa kali. Hatukukaa. Gari la Rumonge lilikuwa linajaa. Njiani palikuwa na bariera nyingi, na kwenye moja wapo abiria wote walishushwa. Mwenzetu wa Kirundi ndiye aliyesema kwa niaba yetu, kwa sauti ya chini, bila kuongeza neno lisiloulizwa: mama anaenda kumuaga mtoto. Walitazama pasipoti, wakatazama uso wa dada, wakasema tupande. Tukajifunza hapo kwamba katika safari kama hii anayejibu awe mmoja, na jibu liwe la kweli na fupi.

Rumonge tulinunua ndizi kwa wauza mawese, tukasimama kidogo ufukweni. Ng'ambo ya maji ilionekana milima ya Ubwari. Tulikuwa tumesafiri siku mbili na sasa tulikuwa tunatazamana na nyumbani. Dada alisema tu, "Kumbe wakati wote alikuwa karibu hivi." Hatukumjibu.

Nyanza-Lac tulifika saa kumi na moja, na hilo tulilikusudia: usiyeweka chumba, fika kabla ya giza. Ukifika mchana unachagua, ukifika usiku unachaguliwa. Nyumba ya wageni ya kwanza mlango wa chumba haukuwa na komeo, tukashukuru tukatoka. Tukawauliza akina mama wa sokoni, si vijana wa kituoni: "Nyinyi mkija na binti yenu, mngemlaza wapi?" Wakatuonyesha nyumba ndogo ya mama mjane, yenye vyumba vinne na ndoo ya maji mlangoni. Tulitazama chumba kwanza, tukasikilizana bei ya usiku mmoja kwa watu watatu, ndipo tukashusha mizigo.

Alhamisi tulifika Mugina mapema. Kumbukeni: Tanzania iko saa moja mbele yetu. Saa tatu yetu ni saa nne yao, na gari la Kasulu linaondoka kwa saa yao. Upande wa pili magari hupita kushoto, nasi tumezoea kulia. Mmoja wetu alitaka kuvuka barabara akitazama upande usio wake, tukamvuta kwa kanga. Mpakani waliuliza maswali manne: mnakwenda wapi, kwa nani, siku ngapi, mna fedha ya kurudi? Tulikuwa tumeyajibu sisi wenyewe Jumatatu jioni, kwa hiyo hatukutazamana. Dada alionyesha kwenye simu picha ya karatasi ya safari ya binti yake. Afisa aliisoma hadi mwisho, akagonga mhuri, akasema, "Haraka mama."

Kasulu tulilala, baridi yake si ya ziwani. Asubuhi ya Ijumaa tukaenda Makere, karibu na kambi. Kambini haingii mtu bila kibali, na hapo binti alikuwa amefanya sehemu yake: tangu Jumatatu alikuwa amekaa ofisini kuomba mama yake aruhusiwe. Kibali kilitoka cha mtu mmoja, kwa siku moja. Sisi wawili tulibaki Makere, tukampa dada fungu la ndagala na kitenge, akaingia saa tatu.

Alitoka saa kumi. Alitusimulia kidogo kidogo, mengine siku nyingi baadaye. Mzigo wa binti ulikuwa umekwisha kufungwa na kupimwa, ndagala zisingeweza kwenda, basi walizipika zote siku hiyo wakala na majirani. Mfuko mweupe wa IOM wenye karatasi zao ulikuwa umetundikwa msumarini, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuugusa. Wajukuu walikuwa wawili. Mdogo alimtazama muda mrefu akauliza, "Bibi, wewe unakaa zoni gani?" Kwake dunia nzima ilikuwa zoni za kambi.

Kisha dada akafanya kazi iliyompeleka. Alimwambia binti achukue daftari la shule la mtoto, akamtajia majina: baba, babu, baba wa babu, hadi pale anapojua, ukoo wa mama pia, kijiji, mto unaopita karibu nacho, na nani amezikwa wapi. Binti aliandika kurasa tatu. Majina mengine alikuwa hajawahi kuyasikia, kwa sababu shangazi alikufa mapema, na kwa simu ya salio la dakika mbili watu huulizana afya na kukata. Dada alisema, "Sasa akiulizwa huko ni mtoto wa nani, atasoma."

Tulimuuliza kama tungoje Jumamosi asubuhi tuone basi likipita. Alikataa. "Nimemwona, wadogo zangu, na nimekula naye. Basi nitalitazama la nini?" Alfajiri tukageuka, na pindo la sketi likafunguliwa siku yake.

Tangu hapo tumebadilisha jambo moja katika kikundi. Tunakumbuka yule mdogo mtu aliyebaki Baraka kwa kukosa pasipoti. Alikuwa na haki ya kumuaga dada yake kuliko sisi wawili tuliokwenda. Kwa hiyo pamoja na mzunguko wa kawaida tulianzisha mzunguko wa karatasi: kila mwezi tunaweka kiasi kidogo pembeni, na kikitimia, mama mmoja anapata pasipoti na karte ya njano. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Tulipokuwa tukichangia, wengine waliuliza kwa nini kulipia safari isiyokuwapo. Sasa hawaulizi tena.

Tunawaonya pia kwamba njia tuliyopita 2016 si lazima iwe njia ya leo. Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Burundi na Tanzania, lakini karatasi bado zinaulizwa, na mpaka uliofunguliwa wiki hii unaweza kufungwa wiki ijayo. Waulizeni madereva na mama wafanyabiashara waliopita siku hizo hizo, si waliopita mwaka jana. Na wakisema msiende, msiende.

Mkutano ujao, kila mama aje na jibu la maswali haya manne, yaliyoandikwa: Karatasi zangu ziko wapi, na zinaisha lini? Nikiondoka kesho, kila mtoto wangu analala kwa nani? Kati ya hapa na aliko mtu wangu, ni nyumba zipi ninazoweza kubisha hodi? Na majina ya wazee wangu, nimemwandikia nani?

La mwisho halihitaji pasipoti. Mnaweza kulianza usiku wa leo.